Pa Kula na Pa Kutazama Padova

Jumapili, 2 Machi 1997

Leo baada ya misa Maman Lucienne, anayeongoza kikundi chetu cha sala hapa Ixelles, Bruxelles, ametangaza kwamba mwezi wa Juni tutakwenda kwa basi hadi Padova, Italia, kwa sikukuu ya Mtakatifu Antoni. Kila mtu anajua huyo ni mtakatifu wa nini. Ukipoteza ufunguo unamwomba Antoni. Ukipoteza mtu unamwomba vilevile, ila unapiga magoti kwa muda mrefu zaidi.

Aliniita pembeni akaniambia jina langu ameshaliandika.

"Ni juu ya Jémima," akasema. "Utamuombea pale kwenyewe Mutakatifu analala. Donc usiniambie hapana."

Jémima ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, muuguzi. Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba alitoka hospitalini pamoja na wagonjwa walioweza kutembea, wakashika njia ya magharibi, ya msituni. Desemba mfanyabiashara mmoja alitupigia simu kutoka Kinshasa akasema alimwona Shabunda, miguu imevimba lakini anacheka. Tangu hapo, kimya.

Kisha Maman Lucienne akamgeukia mume wangu. Onésime alisomea kilimo huko Padova kabla hajanioa. Akamwomba awaeleze watu wapi wale, na nini wasikose kukitazama, maana wengi hawajawahi kutoka Ubelgiji tangu wafike. Onésime ni mtu wa maneno machache. Anatoka kwenye ghala la mboga analofanyia kazi, karibu na mfereji, anaoga, anakula, anasikiliza redio. Leo kwenye basi alianza kusema tukiwa kituo cha Porte de Namur na alikuwa bado anasema tulipofika mlangoni kwetu.

Ninaandika Kiswahili walichotufundisha masista, si tunachokisema nyumbani. Nikiandika hivi moyo unakwenda polepole.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Simu haikulia.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kutoka mtaa wa Forest, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mgongo umekatika. Onésime ameniwekea chai, akakaa mbele yangu, akaendelea alipoishia jana kana kwamba nimemwomba.

"Kule kuko uwanja moja, Régine, hata ukizunguka hauione mwisho. Katikati kuko kisiwa ya majani, maji inaizunguka, na pembeni ya maji kuko sanamu za mawe, batu ba zamani, ba professeurs, ba papes. Nilikuwaka naenda kusomea pale. Siku moja nililala usingizi chini ya papa moja, kitabu ikaanguka mu maji."

Nilimwuliza kama leo amepiga simu kwa yule padri wa Kigoma anayeandika majina ya watu waliovuka ziwa.

"Nilipiga. Jina yake haiko," akasema. Kisha akaongeza, "Na soko, bon, soko iko chini ya jumba la hukumu ya zamani. Juu kuko ukumbi kubwa, ndani yake kuko farasi ya mbao inapita hii nyumba kwa ukubwa. Chini banauzisha banyama, bafromage, jibini ya kila namna."

Niliinuka nikaenda kulala. Nilimsikia akiosha kikombe changu.

Jumapili, 23 Machi. Matawi

Mkutano wa wasafiri katika ukumbi wa parokia. Mtu hajamjua mume wake mpaka amwone akisimama mbele za watu. Onésime alivaa koti lake la harusi. Hakuwa na karatasi. Aliwatembeza wale watu mitaani kwa mikono yake: hapa unapinda, hapa kuna barabara yenye matao, mvua haikupati hata ukitembea mji mzima.

Mama mmoja akamwuliza kama chakula cha huko kinaliwa na mtu wa kwetu.

"Maman, bale batu banakulaka bugali," Onésime akasema. "Banaiita polenta. Ni ya mahindi, ya manjano, banaimwanga juu ya ubao na banaikata na uzi. Na samaki ya chumvi pembeni, imepikwa na maziwa mpaka inalainika."

Watu wakacheka kwa furaha. Akawaambia wasinunue chakula mbele ya basilika, pale ni pa wageni. Waende nyuma, njia ndogo, kwa mama anayeitwa Ines, anapika tambi nene kama kamba za viatu kwa mchuzi wa bata. Jioni wasimame sokoni, kuna kibanda kinachouza pweza wadogo waliochemshwa, unawala kwa kijiti, mafuta yanakutiririka mkononi na hakuna anayekutazama.

"Hakuna mwenye anakutazama," alirudia. Nikaona kwamba hicho ndicho alichokipenda Padova, zaidi ya pweza.

Nilicheka na mimi. Baadaye nikamkumbuka Jémima, nikaona haya.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Bwana amefufuka. Simu ililia mara moja, mtu alikosea namba.

Jumanne, 8 Aprili

Onésime amechelewa kurudi. Anasema basi lilikwama. Hakutaka kula. Alikaa jikoni na koti lake mwilini, nikamwuliza kama anaumwa, akasema ni baridi ya ghalani imemwingia.

Jumatano, 9 Aprili

Leo ameanza tena Padova, na safari hii hana breki. Kanisa dogo ambalo dari lake ni la buluu lenye nyota, na kuta zote ni watu wanaolia na kukumbatiana. Chumba cha chuo walimopasulia maiti zamani, wanafunzi wamesimama juu kwa duara kama wako kisimani. Mkahawa wenye chumba cheupe, chumba chekundu na chumba cha kijani, na katika cha kijani unaweza kukaa bila kununua kitu. Anasema, anasema. Sauti yake haina furaha ya mwezi uliopita. Ni kama mtu anayezungumza na dereva ili asisinzie.

Jumapili, 13 Aprili

Ameanza kunifundisha Kiitaliano. Pane, mkate. Acqua, maji. Vorrei mangiare, ningependa kula. Nikikosea anarudia kwa upole mpaka nachukia.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua tena, ile ya hapa isiyonyesha wala kuacha.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika hili ingawa halinipi sifa.

Jioni Onésime alinipeleka Saint-Gilles, kwenye mgahawa wa mzee mmoja aliyetoka upande ule wa Italia. Ulikuwa na meza chache, picha ya meli ukutani, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa taratibu. Onésime aliniambia niagize mwenyewe. Niliagiza. Yule mzee akafurahi, akanisahihisha neno moja, akatuletea polenta yenye ini juu yake. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniudhi. Niliweka uma chini.

"Onésime, mudogo wangu eko mu pori," nikamwambia. "Hatujue anakula nini. Hatujue kama anakula. Na we uko unanifundisha namna ya kukamata uma."

Alinisogezea sahani.

"Tangu lini we ni muntu ya kusema hivi? Ulinioa ukiwa bubu. Nilikuwa nakupenda bubu. Sasa mudogo yangu amepotea, na we umefunguka mudomo, na ni juu ya nini? Ni juu ya mabata."

Watu wa meza ya pili waligeuka. Hawakuelewa maneno, lakini sauti haihitaji mkalimani.

"Kula, Régine," akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nakuomba. Kula."

Nilichukua koti nikatoka. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Nyuma yangu, mbali kidogo, alikuwa akinifuata, hanifikii na haniachi.

Jumapili, 27 Aprili

Hatuzungumzi.

Jumanne, 6 Mei

Viza za Italia zimetoka. Maman Lucienne amezileta mwenyewe. Aliona tulivyoketi, Onésime dirishani, mimi mlangoni, akanywa chai yake haraka akaondoka.

Jumatatu, 12 Mei

Kule kazini bibi mmoja amefariki. Mtoto wake wa kiume alikuja, akamfunga mama yake kilemba cha hariri alichokuwa akikipenda, akanishukuru kwa jina. Nilimwonea wivu, ni dhambi lakini nilimwonea. Yeye ana wa kumfunga kilemba.

Jumamosi, 17 Mei

Kinshasa imeanguka. Redio imesema tangu asubuhi. Nilikwenda Matonge, kwenye maduka ya Wakongo, kununua sombe, majani ya muhogo, nikakuta barabara haipitiki. Wengine walikuwa wanacheza, wengine wanalia, magari yanapiga honi, vijana wamepanda juu ya vibanda vya simu. Watu wa Kivu walikuwa wanakumbatiana wakisema sasa vita vimekwisha, sasa waliopotea watarudi. Na mimi nilikumbatiwa. Na mimi nilisema watarudi.

Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la vitambaa ndipo kijana mmoja akanishika mkono. Mwembamba, shati limemzidi, upara unamwanza mapema.

"Maman, samahani. We ni Maman Régine?"

Nikasema ndimi.

"Nilijua tu. Munafanana sana na yeye, hapa," akagusa paji la uso wake. "Mimi ni Bertin. Nilikuwa infirmier ku hospitali pamoja na Jémima, service moja. Bon, nilitaka kukuja kwenu tangu zamani, lakini niliogopa. Nikamuambia Papa Onésime afikishe pole yangu kwanza. Maman, pole. Pole sana."

Watu walikuwa wanaimba. Sijui uso wangu ulifanya nini. Nilimwona akitazama uso wangu, na kidogo kidogo akaelewa alichokifanya. Akauachia mkono wangu.

"Hakukuambia," akasema.

"Niambie we," nikasema.

Tuliingia ndani ya galeri ya maduka, tukaketi kwenye ngazi karibu na duka la wasusi lililofungwa. Alinieleza akitazama viatu vyake. Mimi naandika kama nilivyosikia.

Walitoka Shabunda mwanzoni mwa Januari, wakielekea Kindu, wagonjwa wakiwa wamebaki wachache. Mvua ilikuwa kila siku. Jémima alikuwa na hema la plastiki, kipande tu, ndilo lilikuwa nyumba yake. Mwanamke mmoja akajifungua njiani, Jémima ndiye aliyempokea mtoto, akawapa lile hema. Alisema mama na mtoto hawawezi kulowa, yeye mwili wake umezoea. Baada ya hapo homa ikamshika. Dawa walikuwa wamezimaliza kwa wagonjwa. Bertin na mwanamume mwingine walimbeba kwa machela ya miti mpaka kwenye mto, wakangoja mtumbwi uwavushe. Mtumbwi ulichelewa. Alikufa asubuhi, kwenye ukingo, kabla hawajavuka.

"Tulimuzika palepale," Bertin akasema. "Tulichimba na sahani na panga. Nilisema sala, nilisahau katikati, nikaanza tena. Maman, sikudanganye. Ukiniambia leo nikupeleke, sitapajua. Pori iko sawa kila mahali."

Nilimwuliza kuhusu mwanamke na mtoto.

"Balivuka," akasema. "Bako bazima mpaka Kindu. Nyuma ya pale sijue."

Nilimwuliza alimwambia Onésime lini.

"Mwanzo ya avril. Nilipofika tu Bruxelles, wakaniweka mu kituo ya ba réfugiés, kule kwa canal. Nikasikia shemeji ya Jémima anatumika mu dépôt ya mboga ya karibu. Nikaenda kumungoja kwa mulango. Alinisikiliza amesimama. Nyuma ya pale akaniuliza kama nimekula. Akaninunulia chakula, akanitazama mpaka nikamaliza, akaenda."

Nilirudi nyumbani katikati ya watu wanaocheza. Mama nisiyemjua alinipamba bendera ya karatasi kwenye nywele. Niliiacha.

Onésime alifungua mlango, akaona bendera, akaona uso, akajua.

"Tangu avril," nikasema.

"Tangu avril."

"Nilikuwa naweka mushumaa kila jumapili. Ulikuwa unanitazama naweka mushumaa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapiga simu kwa padri wa Kigoma."

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nakuambia nimepiga."

Nilimpiga. Sijawahi kumpiga mtu tangu utoto. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili na hakuinua mkono. Nilimwambia ameniibia kilio changu. Kwamba mdogo wangu alikuwa chini ya udongo, na mimi nikajifunza kuomba mkate kwa Kiitaliano. Kwamba hakuna mtu duniani aliyemlilia Jémima mwezi mzima na zaidi, kwa sababu yeye aliona vema kunyamaza.

"Mimi nilimulilia," akasema. "Mu dépôt. Nyuma ya makasha."

"Juu ya nini, Onésime? Niambie tu juu ya nini."

Aliketi chini, sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Nilitaka ufike mbele ya ule Mutakatifu ukingali na kitu ya kuomba," akasema. "Nikasema, mpaka juin. Mpaka juin tu. Aende asafiri akiwa na mudogo yake. Aone mahali pazuri. Aweke mukono juu ya jiwe na aamini. Nyuma ya pale nitamuambia. Kila asubuhi nilisema leo nitamuambia, nikikutazama nashindwa, na ninaanza Padova. Sikuwa na kitu ingine ya kukupa. Ni mji moja tu najua ambayo hakuna muntu wangu amekufia."

Nilimpita. Ninaandika jikoni. Yeye bado yuko pale sakafuni.

Jumapili, 18 Mei

Watu wamejaa. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 24 Mei

Leo tumemaliza kilio. Kilio bila maiti ni kazi ngumu, watu hawajui waangalie wapi. Maman Lucienne aliweka picha ya Jémima juu ya meza, ile ya siku ya diploma, akaiwekea kitambaa cheupe chini. Wanawake walilala kwenye mikeka sebuleni, wanaume walikaa ngazini na kwenye korido. Jirani yetu wa chini, Mwanakombo, Mwislamu wa Bujumbura, alileta sufuria la pilau kila siku na kulirudisha tupu bila kutaka kushukuriwa. Siku ya kwanza aliketi karibu nami muda mrefu, kisha akasema, "Mimi wangu wawili, kwetu Buyenzi. Bila kaburi pia."

Bertin alikuja akasimulia tena, mbele ya wote. Mara ya pili niliweza kusikia mvua ndani ya maneno yake.

Onésime aliosha vikombe. Siku zote hizo alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono kwenye maji, na kila aliyeingia jikoni alimpa pole, naye akaipokea. Watu wanajua kwamba Bertin alinikuta Matonge. Hawajui kwamba mume wangu alijua kabla. Sikumwambia mtu, na nilimwomba Bertin asiseme. Sijui kama ni huruma au ni aibu. Maman Lucienne ananitazama kama anayehisi kitu, lakini haulizi.

Jumapili, 1 Juni

Jua la kwanza la kweli. Madirisha yote ya mtaa yako wazi. Nimefua mashuka ya wageni.

Jumamosi, 7 Juni

Maman Lucienne amekuja kuuliza kama kiti changu ampe mwingine. Alisema ataelewa. Onésime hakuinua macho.

Nikasema hapana, tutakwenda wote wawili.

Sina cha kumwomba Antoni. Nataka tu kuuona mji ambao mume wangu alinificha ndani yake.

Jumamosi, 14 Juni. Padova

Naandika kwenye benchi, asubuhi, basi linaondoka mchana. Jana ndiyo ilikuwa sikukuu.

Tulifika tumevimba miguu, na jua lilikuwa tayari juu. Kila alichosema ni kweli. Matao yapo, unatembea kivulini mji mzima. Basilika ina kuba nyingi za duara kama vyungu vilivyofunikwa. Watu walikuwa wengi kuliko Pasaka ya Bukavu, wengine wamekuja na vitanda vya wagonjwa, wengine na maua ya yungi yaliyonyauka mkononi kwa joto. Tulipanga mstari. Karibu na kaburi ukuta wote ni picha: watoto, askari, vijana juu ya pikipiki, waliopona na waliopotea. Walio mbele yangu waliweka kiganja juu ya jiwe, wakafunga macho, midomo ikawa inakwenda.

Ilipofika zamu yangu niliweka mkono. Jiwe lilikuwa baridi na limelainika kwa mikono. Nilitafuta neno la kusema. Watu wote huja hapa kusema, nisaidie kumpata. Mimi nilisema, "Jémima." Nikasema tena. Mtu wa ulinzi akaniashiria nisogee, nikasogea.

Onésime alikuwa nyuma yangu. Hakugusa jiwe. Alipita na mikono mgongoni kama mtu aliye ndani ya duka asilokuwa na fedha za kununulia.

Tulipotoka kikundi kilikuwa na njaa, na wote wakamgeukia. "Bon, Papa Onésime, tupeleke kwa ule maman wa mabata." Akaanza kutembea mbele, koti mkononi, kwa haraka, kichwa juu. Nyuma ya basilika, njia ndogo, kushoto, kulia. Kisha akasimama. Akarudi kidogo. Akasimama tena mbele ya kioo cha duka kilichojaa viatu vya wanawake.

"Ni hapa," akasema.

Kikundi kilitazama vile viatu.

"Mulango ilikuwa hii. Hii chuma ya kufungia farasi, iko hii." Aligusa pete ya chuma ukutani. "Alikuwa anakaa hapa mbele, anachambua maharagwe."

Msichana wa duka alitoka kuuliza kama tunahitaji kitu. Onésime akamwuliza kwa Kiitaliano, na msichana akatikisa kichwa. Hajawahi kusikia Ines yeyote. Onésime akamwuliza tena, polepole zaidi, kana kwamba kosa ni la maneno. Na hapo, katikati ya swali, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, amesimama wima mbele ya viatu. Wazee wa kikundi wakatazama chini. Maman Lucienne alitaka kumwendea, nikamzuia.

Nilisimama naye. Sikumshika mara moja. Nilikuwa bado nina hasira naye, ninayo hata sasa ninapoandika, imeketi kifuani kama mtu asiyetaka kuondoka. Lakini nilimwona alivyokuwa ghalani, nyuma ya makasha, akilia peke yake kisha akipangusa uso, akapanda basi, akaja nyumbani kunisimulia kuhusu dari la nyota. Siku baada ya siku. Alibeba maiti ya mdogo wangu mgongoni na akanificha mzigo kwa maneno ya chakula. Alikosea. Nitasema alikosea hadi nife. Nilimshika mkono.

Chakula tulikipata mahali pengine, pa wageni, penye meza za plastiki. Polenta ilikuwa ngumu. Watu walikula wakasema nzuri, kwa ajili yake.

Jioni wengine walipokwenda kupumzika, tulikwenda wawili mpaka kwenye uwanja wake. Ni mkubwa kweli. Wanafunzi walikuwa wamelala kwenye majani. Tuliketi kando ya maji. Hakusema chochote kuhusu sanamu, wala papa, wala kitabu. Alikuwa tena yule bubu wangu, na nikaona kwamba sitaweza tena kumpenda bubu kama zamani, maana sasa nitakuwa najiuliza ananyamazia nini.

Jumanne, 17 Juni

Bruxelles. Kazini. Mvua.

Jumapili, 22 Juni

Mchana huu tulikuwa jikoni, nachambua mchele, dirisha liko wazi. Onésime alikuwa ameketi mkabala nami. Akasema, "Régine, kuko kitu bado."

Nikamwambia aseme.

"Bertin aliniachia neno. Jémima alimuagiza, kule kwa mto. Ni neno yako, si yangu. Bertin alishindwa kuisema kule Matonge, nyuma ya pale alizani nimekupa, ndiyo sababu hakuisema mu kilio."

"Aliagiza nini?"

Aliweka mikono mezani, viganja juu.

"Alisema, 'Mukimuona mukubwa yangu, yaya Régine, mumuambie nilikula.'"

Mchele ulikuwa mbele yangu. Niliutazama.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Nilishindwa kukupa hii. Ningekupa, ungeniuliza kama ni kweli."

"Ni kweli?"

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani. Onésime alinitazama machoni, na nikaona jinsi ilivyomgharimu.

"Hapana," akasema. "Hawakukuwa na kitu. Bertin anasema tangu Shabunda hawakukuwa na kitu."

Nimelia mpaka jua likaingia nyuma ya majengo. Hakunibembeleza, wala hakuniambia habari ya mji wowote. Alikaa tu.

Jémima alikuwa wa mwisho kuzaliwa. Kwetu mama alikuwa akimpakulia yeye kwanza, na sisi wakubwa tulingoja, tukimtazama anavyokula.